Kibao Kilichosonga Ugali

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na watu wanaonijua husema mimi sina hasira. Si kweli. Hasira ninayo moja, nimekaa nayo tangu nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mpangaji wa chumba kimoja Temeke, na hata leo nikiigusa bado ina moto. Ni hasira ya kibao cha mpira wa meza. Najua ukisikia hivyo utacheka. Cheka tu, lakini nipe nafasi nikueleze, maana jambo lenyewe halieleweki mpaka mtu ajue kibao ni kitu gani na changu kilipatikanaje.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa mikutano ya siasa ilikuwa imeshaanza na watu wazima walikuwa wakijifunza upya kuzungumza kwa sauti. Serikali ilitujengea jumba la jamii, lenye redio, rafu moja ya vitabu na meza ya kijani yenye wavu katikati. Jioni tulikwenda pale baada ya kazi: makarani, walimu, wauza duka, fundi cherehani mmoja mwenye maneno mengi. Mimi nilitoka Tabora. Nilijifunza mpira wa meza misheni, juu ya meza ya kulia chakula, tukiweka vitabu vya nyimbo katikati badala ya wavu. Nasema bila kujivuna kwamba nilikuwa mzuri. Pale jumbani palikuwa na watu watatu tu walioweza kunisumbua.

Basi siku moja ikaja barua. Klabu moja ya vijana wa Kihindi kule mjini ilitualika tukacheze nao, watu wanne kwa watu wanne, Jumamosi alasiri, wiki tano baadaye. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Tulikuwa tukipita mbele ya klabu yao na kusikia mipira ikigonga ndani, ko, ko, ko, lakini hakuna aliyewahi kutukaribisha. Nahodha wetu, karani wa bandarini, aliisoma barua ile mara mbili kwa sauti, kisha akataja timu. Mimi nilikuwa wa nne.

"Lakini Mwalimu," akaniambia, "usije na mikono mitupu. Huna kibao. Ukikosa kibao, nafasi yako naichukua nampa fundi cherehani."

"Mie kibao changu ninacho," fundi cherehani akadakia. "Kibovu, lakini ni changu. Mwalimu ana mkono hana kibao, mie nina kibao sina mkono. Mungu hampi mtu vyote."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Sasa nikueleze kwa nini mtu ambaye kila jioni anacheza jumbani alikuwa hana kibao, maana hapo ndipo penye jambo. Jumba lilikuwa na vibao vinane. Nasema vinane! Vilikaa ndani ya kabati lenye mlango wa kioo, ufunguo akiwa nao mtunza jumba, mzee mmoja mwenye kofia ya kazi na wembamba wa fito. Ukifika unaandika jina lako daftarini, unapewa kibao, unacheza, unarudisha. Na ndani ya kioo palibandikwa karatasi yenye sahihi ya Mzungu wa Idara ya Ustawi wa Jamii, ambaye sote tulimwita Bwana: mali ya jumba haitoki nje ya jumba. Mpira mmoja wa miguu ulikwenda kuchezwa Ilala haukurudi, na tangu hapo hata sindano ya kujazia upepo haikuvuka mlango. Kwa hiyo mwenye kibao chake angekwenda mjini, na asiye nacho angebaki.

Nilikuwa na wiki tano. Maduka ya mjini yaliuza vibao vilivyokamilika, lakini vya bei niliyoiweza vilikuwa vipande vya mbao vilivyofunikwa kwa msasa au gome laini la kutengenezea vizibo, vya watoto kuchezea barazani. Nikaamua kutengenezewa.

Upande wa Kiwalani, ambako siku hizo mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba, alikaa fundi mmoja wa vinyago kutoka Newala. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana, na mbele ya kibanda chake kulikuwa na vumbi jeusi la mpingo kila wakati. Nilimkuta amebana gogo kati ya miguu.

"Karibu, Mwalimu. Umekuja kununua au umekuja kushangaa kama Wazungu?"

"Nimekuja na kazi, Fundi." Nikamchorea mchangani umbo la kibao. Akalitazama, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Hili kasia la mtoto."

"Ni la kupigia mpira mdogo, mwepesi, juu ya meza."

"Na wanaocheza ni watu wazima?"

"Wazima kabisa."

"Haya. Rudi baada ya wiki."

Baada ya wiki nilirudi, naye akanitolea kitu kilichofungwa kitambaani kama mtoto mchanga. Kilikuwa kibao cha mpingo mtupu, cheusi, kinang'aa mpaka unajiona. Kwenye mpini alikuwa amechonga uso wa mzee mwenye mashavu yaliyovimba.

"Nimekuwekea na babu," akasema, "akusaidie kupiga."

Nilikishika. Kilikuwa kizito kama nyundo, na pua ya yule babu ilinichoma kiganja. Lakini nilijua nikimwambia hivyo moja kwa moja nitamvunja moyo, maana alikuwa amenipa mti bora kuliko yote aijuayo. Kwao mgeni wa heshima hapewi mti mwingine. Hivi ndivyo alivyokosea, na alikosea kwa sababu ya heshima. Basi nikamwomba akishike yeye, anyooshe mkono mbele, akae hivyo huku nikimsimulia mchezo unavyokwenda. Nikaanza taratibu: mpira unakuja, unaupiga, unarudi. Sijafika mbali mkono wake ukaanza kutetemeka.

"Mwalimu, bega linawaka."

"Na mchezo ndiyo kwanza umeanza, Fundi."

Akakishusha, akanitazama kwa uchungu. "Wewe umeshaona wapi mtu anakataa mpingo?"

Tukakaa chini. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, na naomba nikueleze na wewe. Kibao kina mambo matatu. La kwanza ni uzito: kikiwa kizito mkono unachelewa, kikiwa chepesi mno mpira mkali unakisukuma nyuma. La pili ni ugumu: mti mgumu unaurusha mpira mara tu unapougusa, hupati muda wa kuuelekeza, na mti laini unaushika kidogo halafu unauachia. La tatu ni sauti, ambayo ndiyo shahidi wa hayo mawili. Dondosha mpira juu ya mbao. Sauti ikiwa nyembamba na kali, mbao hiyo ina kasi. Ikiwa nzito na ya chini, mbao hiyo ni tulivu. Mimi nilikuwa mchezaji wa subira, wa kurudisha na kurudisha mpaka mwenzangu akosee, kisha nimpige mara moja. Nilitaka mbao ya katikati.

Fundi alikuwa na masikio mazuri kuliko yangu. Tulizunguka kibandani mwake tukidondosha mpira juu ya kila kipande: mninga, mvule, mfenesi, mkorosho. Kila mara alisema "bado" kabla sijafungua mdomo. Mwishowe nikadondosha mpira juu ya kipande cha msufi kilichokuwa kimeegemeza mlango. Ulitoa sauti kama mtu anayegonga boga bivu.

"Huu laini mno," nikasema, "lakini ni mwepesi sana. Tukiuvika ngozi ngumu pande zote mbili?"

Akasimama. "Msufi? Msufi ni mti wa magodoro! Mie nimetoka Newala, nimevuka Rufiji kwa miguu, ili nije Dar es Salaam nichonge msufi?"

"Hutauchonga, Fundi. Utaulaza tu katikati."

"Afadhali. Maana ningeulizwa kwetu."

Ile ngozi tuliipata kwenye sanduku la majani ya chai. Masanduku yale yalitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka tatu. Tukaloweka ubavu mmoja mpaka tabaka zikaachana, tukazianika zikiwa zimebanwa chini ya jiwe. Yeye akauranda msufi mpaka ukawa mwembamba kama kifuniko cha kitabu. Akachemsha gundi ya kwato, ile inayonuka mpaka mbuzi wanahama, akabandika tabaka moja huku na moja huku, akalaza juu yake mawe mawili ya kusagia. Tukaviacha siku tatu. Alipokikata na kukilainisha mpini, bila babu safari hii, tulidondosha mpira. Ko. Si kali, si nzito. Fundi akadondosha tena, na tena, kisha akacheka peke yake.

"Usikikaribishe kwenye maji ya moto," akaniambia nilipoondoka. "Gundi hii haipendi mvuke."

Nikasema nitakumbuka. Na nilikumbuka.

Ikabaki raba ya kubandika juu ya mbao. Kule mjini, katika duka la vifaa vya michezo, mzee wa Kihindi alinitandikia aina tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, yenye vipele vifupi vigumu vilivyosongamana. Ya pili ilikuwa na vipele virefu kidogo, laini, vilivyoachana. Ya tatu ilikuwa sponji, nene kama chapati mbili, kitu kipya kabisa.

"Chukua hii, Mwalimu," akasema akiigonga sponji. "Mjapani anashinda dunia nzima na hii. Mpira haupigi kelele, mwenzako hasikii."

Nahodha wetu alikuwa nayo na aliisifu sana. Lakini raba huchaguliwa kwa kutazama mbao, sawasawa na mtu anavyochagua kiatu kwa kutazama mguu wake mwenyewe. Mbao yangu ilikuwa tayari na ulaini ndani. Ukiweka laini juu ya laini, mpira unazama na hujui utatokea wapi. Mbao ya kasi hupewa raba tulivu, na mbao tulivu hupewa raba yenye ukali. Basi nikachukua vipele vigumu kwa upande wa kiganja, ambao ndio wa kupigia, na vipele laini kwa upande wa nyuma ya mkono, ambao ndio wa kurudishia. Mzee akanitazama juu ya miwani yake.

"Unajua unachotaka," akasema. "Wengi wanaochukua sponji hawajui."

Nilirudi Temeke nikitembea juu juu. Hakuna kitu nilichowahi kukipata kwa kufikiri sana namna ile. Kwa wiki moja nilikifanyia mazoezi kikiwa hakina raba, mpini ukauzoea mkono wangu nao mkono ukauzoea mpini. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mchezo, nikabandika raba kwa solusheni ya kuzibia matairi ya baiskeli, kwani hiyo hushika taratibu na mtu anaweza kusahihisha asipoweka sawa. Jumamosi asubuhi nilitakiwa shuleni kusimamia watoto katika shamba la shule. Chumba changu kilikuwa na joto na solusheni inahitaji hewa, kwa hiyo nikakitundika kibao kwenye msumari uani, chini ya paa, kivulini. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Ni hilo tu.

Sasa nieleze juu ya mama mwenye nyumba. Alikuwa Mzaramo, mama wa makamo, mjane, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Na mimi Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani, na utani wetu haukuwa wa maneno matupu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua jogoo wako akamchinja, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejiaibisha wewe, si yeye. Siku niliyoomba chumba, baada ya kumwamkia na kumwambia kwetu wapi, alipiga makofi akawaita majirani: "Njooni muone! Mpagazi wangu amerudi! Alikwenda na mzigo wa pembe, akaniambia anakuja sasa hivi!" Tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. "Shikamoo, mama," nasema. "Marahaba, mpagazi. Meno ya tembo yako wapi?" Nami ningemjibu kwamba yamekaliwa na Wazaramo wavivu wasiojua kuyabeba. Niliupenda utani ule. Kijana aliye mbali na kwao huupenda.

Jumamosi hiyo alikuwa na wageni wengi kutoka Kisarawe. Nilitoka shuleni saa saba, mkono wangu tayari unacheza hewani njia nzima. Niliingia uani na kumkuta ameinama juu ya sufuria kubwa, anasonga ugali wa muhogo, mzito, mvuke unampanda usoni, na wageni wake wameketi mikekani. Kitu alichosongea kilikuwa na mpini ninaoujua.

Kwanza sikuelewa. Macho yalikuwa yanaona na akili inakataa.

"Karibu, mpagazi!" akapaza sauti. "Mwiko wangu umevunjika, nikasema ngoja nitazame mtani wangu ameniachia nini. Kumbe ameniachia mwiko mpya! Na mzuri kweli, mwepesi! Ila ulikuwa na ngozi, nikaumenya."

Wageni wakaangua kicheko. Aliunyanyua ule mwiko wake nione. Ngozi ya sanduku la chai upande mmoja ilikuwa imefunguka kama ukurasa wa kitabu kilichonyeshewa, na ndani msufi umevimba, umelowa, una ugali. Raba zangu mbili zilikuwa zimewekwa vizuri juu ya kinu, moja juu ya nyingine.

"Hizo nimekutunzia," akasema. "Zitafaa kutilia soli makubadhi."

Wote walikuwa wananitazama wakingoja nijibu. Ndivyo inavyokuwa. Mtani akishapiga, ni zamu yako, na watu hungoja kicheko kingine kikubwa kuliko cha kwanza. Najua hata jibu nililopaswa kutoa. Nilipaswa kusema, mama, huo ugali sasa ni wangu wote, mwiko wangu mboga yangu, nikae nile mpaka wageni wake walale njaa. Wangecheka mpaka Kisarawe.

Nikasema: "Umeniharibia. Mama, umeniharibia! Wewe hujui kitu, unachukua tu vitu vya watu, unaharibu tu!"

Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Mgeni mmoja, mzee, akageuza uso akatazama ukuta.

"Umenikasirikia?" mama akasema polepole. "Mie?"

"Leo saa kumi nilikuwa nicheze mjini. Wiki tano, mama! Wiki tano nimekitengeneza kitu hicho!"

"Mtani hakasiriki," mzee yule akamwambia ukuta.

"Basi mimi si mtani," nikasema. Na hilo ndilo neno ambalo ningelirudisha kama maneno yangerudi.

Mama alikiweka kibao chini juu ya mfuniko. Alinitazama, akakitazama, kisha akaniuliza swali moja tu. "Hiki hakipatikani kingine kabla ya saa kumi?" Nikamwambia gundi inataka siku tatu. Nikamwambia vipo vinane jumbani, lakini havitoki. Sijui kwa nini nilimwambia; nilikuwa nalalamika tu kama mtoto. Yeye akavuta kanga yake juu ya kichwa, akamwambia binti yake aendelee na ugali, na mikono yake ikiwa bado na unga wa muhogo, akatoka. Nilimfuata.

Jumbani tulimkuta nahodha na wenzangu wawili wameshavaa mashati meupe, na fundi cherehani amekaa kwenye ngazi na kibao chake kibovu mapajani. Mtunza jumba alikuwa anafagia.

"Baba," mama akamwambia mtunza, "mie ndiye niliyekosa. Kijana huyu kibao chake nimekisongea ugali."

"Umekifanyaje?"

"Nimekisongea ugali. Usicheke. Sasa naomba umpe kimoja cha humo ndani, jioni atarudisha. Asiporudisha, njoo kwangu, nyumba yangu unaijua, chukua utakacho."

Mtunza akaegemeza ufagio. Hakuwa mtu mbaya, hilo naomba lieleweke. "Mama, haitoki. Amri ya Bwana. Imeandikwa."

"Bwana yuko wapi?"

"Leo Jumamosi. Bwana amekwenda kuogelea."

"Kwa hiyo vibao vinane vitakaa ndani ya kioo vinatazamana, na mwanamume anayejua kuvitumia akae nje anavitazama?"

"Mimi nina watoto sita, mama. Kibao kimoja kikitoka, kazi yangu imetoka nacho."

"Nani atamwambia?"

Mtunza akatazama tu ile karatasi, kana kwamba yenyewe ina macho na mdomo. Nahodha akajaribu, akasema atasaini yeye, karani wa serikali. Mtunza akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kabati. Cha tatu kutoka kushoto kilikuwa na mkwaruzo kwenye mpini, na mkwaruzo huo niliuweka mimi, mwaka uliotangulia, kwa pete ya kidole changu. Nilikuwa nimekichezea labda mara mia mbili. Kilikuwa umbali wa mkono mmoja. Hapo ndipo hasira ilipohama. Iliondoka kwa mama mwenye nyumba, nzima nzima, kama mtu anayehama chumba na godoro lake, ikaingia mahali pengine ambapo ipo mpaka leo.

Gari la kuwapeleka mjini likafika. Fundi cherehani alisimama, kwa mara ya kwanza hana utani mdomoni. "Mwalimu," akasema, "nikupe hiki changu?" Nahodha akakichukua, akakigeuza, raba ya upande mmoja ilikuwa imechanika nusu nzima. "Mwenye nacho amekizoea hivi hivi," nahodha akasema. "Wewe hutakiweza, Mwalimu. Saa moja haitoshi." Alisema kweli. Ni mimi niliyekuwa nikimhubiria kila siku kwamba mkono na kibao huchukua wiki kuzoeana. Wakapanda, wakaenda.

Walishindwa kwa mchezo mmoja, na mchezo huo ulikuwa wa fundi cherehani. Alikuja mwenyewe kuniambia Jumapili baada ya kanisa. "Yule niliyecheza naye," akasema, "wewe ungemmaliza kwa kurudisha tu. Hana subira kabisa." Nadhani alitaka kunifariji.

Mama mwenye nyumba alininunulia wembe, sabuni na fulana kama fidia, akaviacha mlangoni bila kugonga. Wiki nyingi zilipita kabla hajaniita tena mpagazi, na alipoanza tena, alianza kwa uangalifu, kama mtu anayeujaribu mguu uliowahi kuvunjika. Nilimwomba radhi. Alisema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha kabisa, na sehemu iliyobaki ni juu yangu.

Lakini Jumatatu nilikwenda kwa Bwana. Niliomba ruhusa shuleni, nikavaa tai. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, jambo ambalo si Wazungu wote walilifanya. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Nilimweleza yote, mpaka ugali, naye akatabasamu pale kwenye ugali, kisha akaweka mikono yake mezani na kuanza kunieleza.

Alinieleza kwa upole. Vitu vya watu wote lazima vilindwe. Akimruhusu mmoja leo, kesho wataomba kumi. Mimi ni mwaminifu, hilo haliulizwi, lakini kanuni haiwezi kumjua mtu mmoja mmoja. Siku moja mambo haya tutayaendesha wenyewe, na tutamshukuru kwa kutufundisha kutunza. Alikwenda hatua kwa hatua, akirudia penye ugumu, akitoa mfano wa ule mpira wa Ilala, akinitazama usoni kuona kama nimemfuata. Nikaijua sauti ile. Ilikuwa sauti yangu. Hivyo ndivyo ninavyomweleza mtoto wa darasa la pili hesabu za kutoa kwa kukopa. Ila mimi nikimaliza kumweleza mtoto, mtoto ana kitu ambacho hakuwa nacho. Mimi nilitoka na nini? Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetengeneza kibao kwa akili yangu kutoka kwenye sanduku la chai, na mtu alikuwa ananifundisha polepole kwamba siwezi kuaminiwa kukaa na kipande cha mbao kwa saa nne.

"Umeelewa, Mwalimu?" akaniuliza.

"Nimeelewa, Bwana," nikasema.

Nikasimama, nikamshukuru. Nilimshukuru! Jioni hiyo nilikwenda jumbani. Mtunza alinifungulia daftari bila kuniangalia, nikaandika jina langu na saa, akanipa kile chenye mkwaruzo. Nikacheza na nahodha kwenye meza iliyo hatua nne kutoka kabatini. Nikamfunga michezo mitatu mfululizo. Saa ya kufunga nikakirudisha, na mtunza akakifungia.